Unanunua WRX iliyoko Dar ukiwa Mwanza? Usiruke kipimo cha plagi

Lawama inayojirudia kwetu sisi tunaokagua magari kwa niaba ya wanunuzi ni hii: mteja yuko Mwanza au Mbeya, Subaru WRX iko Dar, tumeikagua tukamwambia aachane nayo, naye anaona hela yake imeliwa kwa gari ambalo hakulichukua. Wengine wanalalamikia bei: fundi wa dalali anaangalia kwa bei ya chee. Ataliangalia, ndiyo. Ila gari lisipouzwa, yeye anakula wapi?

Bei yetu ni ya mafundi wawili kwa saa tatu, na muda mwingi unaishia kwenye plagi. Injini ya WRX imelala, silinda mbili kila upande, na plagi zinatazama chasisi. Kuzifikia ni mpaka utoe betri na boksi la filta ya hewa. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, inapimwa kupitia matundu ya plagi, injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zikiwa nje, petroli imekatwa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Tukisoma psi 145, 145, 140 na 105, silinda hiyo ya mwisho ndiyo kesi. Piston yake tunaileta juu, valvu zikiwa zimefunga, tunaingiza upepo wa kompresa na kusikiliza. Ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au piston; injini za lita 2.5 zenye tabo zinajulikana kwa kupasuka piston kati ya ringi. Ukitokea ekzozi, ni valvu. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi ya silinda hedi.

Hapo ndipo wateja wanapotaka tupunguze: "Acheni plagi, nirushieni video niisikie inavyonguruma." Ekzozi iliyobadilishwa inanguruma vizuri hata silinda moja ikiwa hoi, na kushusha injini baadaye kunagharimu mara nyingi ya ukaguzi.

Muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Piston iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza. Beringi za rodi ni kinyume: oili ikishakuwa nyepesi, ukipandisha injini mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika na kuachia, ndipo zinasikika. Kwa hiyo tunaisikiliza mara mbili. Tukikuta boneti ina moto, tunarudi kesho yake.

Bodi haichukui muda. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 180. Kipimo kikipita 300, kuna puti au rangi ya pili. Matairi manne yawe ukubwa mmoja na yamelika sawa, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inaumia. Kuijaribu difu hiyo, tunakata usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole. Gari likijikwaza, tunaandika. Namba ya chasisi tunailinganisha na kadi.

Kabla hatujatoka gereji, muuzaji akuandikie ujumbe kwamba amekubali plagi zitolewe. Akigoma tukiwa tumeshafika kwake, nauli hairudi.