Bakuli la futari kwa jirani

Ndugu Mhariri,

Ramadhani iliyopita, mtaani kwetu hapa Tanga, mtoto alitumwa na mama yake apeleke bakuli la tambi, limefunikwa kawa, kwa mama mmoja Mkristo tunayepakana naye ukuta. Mzee mmoja akamsimamisha: "Futari ni ya waliofunga." Mtoto akarudi nalo, kichwa chini. Iliniuma sana.

Mzee wetu, kwa heshima zote, alikosea. Abu Dawud na Tirmidhi, wakusanyaji wa Hadithi, wamepokea kwamba nyumbani kwa sahaba Abdallah bin Amr bin al-As kulichinjwa kondoo, naye akawauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi. Akarudia kuuliza. Kisha akawaeleza alivyomsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa Jibril hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani atampa fungu la mirathi. Sahaba Abu Dharr naye aliusiwa na Mtume apikapo mchuzi azidishe maji, majirani wapate. Hakuambiwa aulize kwanza dini zao.

Na mama huyo ndiye aliyekesha nasi kwenye msiba wa bibi yangu, akimenya vitunguu mpaka alfajiri!

Nawaomba masheikh wetu waitaje Hadithi hii kwenye hotuba za Ijumaa kabla mwezi mtukufu haujaandama tena, maana wabebaji wa mabakuli ni watoto, nao hushika wanachoambiwa na wakubwa. Mtoto yule nilimtuma tena mwenyewe kesho yake, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Msomaji wako,
Tanga