Semina za wafanyakazi zihamie karakana

Mhariri,

Mashirika mengi hapa Kampala yakitaka wafanyakazi wabadilike huwapeleka hotelini, wakala, wakatazama maandishi ukutani, wakarudi na kalamu mpya. Sisi tunaofundisha useremala tunapendekeza siku moja ya kutengeneza stuli.

Watu watano, stuli moja ya miguu minne, bila msumari hata mmoja. Mbao ziwe za musizi, ambazo ni laini kwa mikono isiyozoea patasi. Mvule ni ghali mno kuharibiwa na wanafunzi. Kwa wauza mbao wa Ndeeba, hapa Kampala, musizi upo, ila hakikisheni umekauka. Ulimi, yaani ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mguu, ukichongwa kwenye ubao mbichi husinyaa, na stuli huanza kuyumba wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena wa kuulizwa. Ubao wa kuunganishia miguu ukiwa na unene wa milimita 30, ulimi uwe wa 10, na patasi iwe ya upana huohuo. Tundu litangulie: ulimi mnene hupunguzwa, tundu pana halirudi.

Makosa mengi huanzia kwenye kupima. Kila mtu akitumia futikamba yake, miguu minne hutoka na urefu wa aina nne. Ndoano ya futikamba moja imelegea, mwingine amesoma mstari kwa pembeni, wa tatu amekata juu ya alama badala ya kando yake. Seremala hufunga miguu yote pamoja na kuichora mara moja. Mhasibu na mtunza stoo wenye madaftari mawili yasiyolingana hawatahitaji maelezo marefu hapo.

Mkufunzi asisahihishe mapema. Mkubwa wa ofisi apewe msasa, asishike futikamba, la sivyo wote watakata anavyosema yeye. Na ni marufuku kuziba nafasi kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kazi hiyo ripoti za robo mwaka zinaiweza.

Stuli ikiyumba, iachwe iyumbe. Kikundi kirudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka kione kosa lilipoingia, bila kutaja jina la mtu. Kisha wachukue kazi moja inayokwama ofisini, tuseme fomu ya kuomba vifaa, waifuate vivyo hivyo meza kwa meza. Zitengwe saa mbili kwa hilo, siku hiyohiyo. Wakiahirisha hadi Jumatatu, shirika litakuwa limenunua stuli tu, tena ya bei ghali.

Walimu wa useremala,
Kampala