Mwanangu, skafu zimetosha

Mwanangu mpenzi,

Picha zimefika zote: skafu ya kijani, ile ya pembetatu, na ya mistari uliyomfumia mwenzako wa chumbani. Mkono wako umetulia, kingo hazivutani. Hapa nyumbani nilikuita ukae nikufundishe, ukakimbia. Umekwenda kufundishwa na jirani huko Lubumbashi. Sina neno, mradi umejua.

Ila skafu zimetosha, mama. Baridi ya huko ya Juni na Julai haishiki shingo peke yake, na wewe tangu utoto ni mtu wa kulalamikia miguu.

Unasema soksi inakutisha kwa sababu ya sindano tano. Tatu zinashikilia vitanzi zikingoja zamu. Mikononi mwako zinafanya kazi mbili tu, sawasawa na kwenye skafu. Hata hivyo usianze na soksi. Anza na kofia. Mimi kila kazi mpya naitaka iwe na jambo moja nisilolijua, basi. Yakiwa matatu, uzi ukigoma hutajua ni lipi limekukwamisha. Kupunguza vitanzi unakujua tangu ile ya pembetatu, kwa hiyo kofia itakufundisha kufuma kwa kuzunguka tu. Soksi itakuja na kisigino chake baadaye.

Kabla ya kofia, fuma kipande cha majaribio, kama sentimita 15 kila upande, ukifue, kikauke, halafu uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Najua utaona ni kupoteza uzi. Lakini angalia: karatasi ya maelekezo ikisema vitanzi 20 kwa sentimita 10, vitanzi 100 vinakupa kofia ya sentimita 50. Mkono wako ukikaza na kutoa 22, vitanzi vilevile 100 vinakupa sentimita 45 na kidogo. Hiyo ni kofia ya mtoto. Dawa yake ni sindano nene zaidi kidogo, usijilazimishe kulegeza mkono. Mkono haukumbuki amri hadi mwisho wa safu.

Uzi wa dukani ni ghali, najua. Fanya tunavyofanya sisi na mitumba ya soko la Kadutu: nunua sweta la mtu mzima, ulifumue. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa na mashine kwa nyuzi za zigizaga, liache, kwa sababu kila safu imekatwa na utabaki na vipande vifupifupi. Kama kila upande una ukingo wake mzima na umeunganishwa kwa uzi mmoja tu, hilo ni lako. Ukishafumua, uzi utakuwa umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa; uloweke katika maji ya vuguvugu, uuanike na kitu kizito kidogo chini, utanyooka. Ukitaka kujua kama ni sufu, choma ncha ya kipande kidogo: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Kwa soksi tafuta sufu iliyochanganywa na nailoni, maana sufu tupu inatoboka kisigino upesi. Na usiitie katika maji ya moto, itashikamana na kusinyaa.

Sasa kisigino chenyewe. Tuseme soksi ina vitanzi 48. Nusu yake, 24, unaifuma peke yake safu 24, kwenda na kurudi, na kila safu kitanzi cha kwanza unakihamisha bila kukifuma. Hapo pembeni utaona mnyororo wa vitanzi 12 kila upande. Kisha unageuza kisigino kwa safu fupi, ukiunganisha viwili viwili, hadi 24 vibaki 14. Okota 12 za upande mmoja, 12 za upande wa pili, ongeza 24 za juu ya mguu zilizokuwa zikingoja: jumla 62. Kuanzia hapo unapunguza viwili kila mzunguko wa pili mpaka urudi 48. Ukikosa hesabu yoyote kati ya hizo, simama palepale. Usiseme itajirekebisha mbele.

Nakutumia sindano tano za milimita 3, mgeni atazileta. Zile alizochonga kaka yako kwa vyuma vya gurudumu la baiskeli ni nyembamba mno kwa uzi huu.

Mimi nami nimeshika jambo gumu: triko la mjukuu, la rangi mbili. Uzi usiotumika unapita nyuma, na ukiukaza kitambaa kinakunjamana. Wenye ujuzi huu wametutangulia mbali: miongoni mwa soksi za zamani kabisa za kufuma kwa sindano zilizopatikana Misri, za karne ya 11 hadi ya 14, zimo za pamba nyeupe na buluu. Baba yako ananitazama nikifumua, anacheka, halafu anauliza zake za namba 44 zitakuwa tayari lini. Nimemwambia akuulize wewe.

Ukifika kisigino nitumie picha, ya upande wa ndani. Upande wa nje kila mtu anajua kuupiga.

Mama yako,
Bukavu