Shukrani kwa mzee wa redio, Asheville

Mzee wetu, jina lako hatulijui. Kimbunga Helene kilipoipiga North Carolina Septemba 27, 2024, mitandao ya simu ilizimika na barabara zikasombwa. Sisi Charlotte tulimpigia dada yetu mpaka tukakata tamaa.

Anasimulia kwamba ulikaa na redio yako ya betri, ukipitia mtambo wa Mlima Mitchell unaopokea sauti na kuirusha mbali zaidi, ukitaja jina lake herufi moja moja bila kuchoka, mpaka aliyekuwa upande wa pili akalipata sawasawa. Usiku tukapata habari: yeye mzima, watoto wazima, maji ya kunywa hawana.

Waendesha redio za ridhaa hawalipwi, na sheria yenyewe inakataza. Basi pokea shikamoo yetu, na Mungu akuzidishie afya.