Shukrani kwa kaka wa stesheni ya Tabora

Jamani naombeni nimshukuru kaka mmoja, jina hakunitajia ila watu wa Tabora mnajuana, naamini itamfikia. Nilikuwa nasubiri treni ya kuja Kigoma, si mnajua pale ndo njia inagawanyika, wengine Mwanza wengine huku kwetu, basi simu ikagoma kabisa kuingiza chaji na pesa ya mzigo yote iko humo, namba za wanaoniuzia mawese humohumo, nikanyong'onyea.

Yeye alikuwa anatandika mkeka aswali. Akaniona nahangaika akasema dada vumilia kidogo nimalize nakuja. Na kweli alivyomaliza tu akaja, akachukua kijiti cha meno akachokonoa tundu la chaji taratiiibu, likatoka vumbi na nyuzi za mfukoni zimeshikana kama pamba, akapuliza, akachomeka kwenye pawabenki yake, ikawaka! Akaniachia mpaka ikajaa ya kunifikisha, nikataka nimrushie hata hela ya soda akakataa katakata, akasema niombee dua inatosha. Mimi ni mkristo, nimemuombea njia nzima, Urambo, Kaliua mpaka Uvinza, na bado namuombea.

Watu wanasema simu zimetuharibu hatujaliani tena, mi kwa nilichokiona sikubali. Kaka angu Mungu akuzidishie, mawese nimepata na dumu lako nimeshalitenga, ukiiona hii nitafute tafadhali.