Risala ya wachezaji wa softiboli kwa mgeni rasmi: tuisheni zetu, mabega yetu na makochi wawili

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa klabu, makochi wetu, wazazi na walezi, wachezaji wenzangu, habari za mchana.

Kwanza tunakushukuru sana kwa kuja, na tumefurahi zaidi maana umefika mapema ukatukuta bado tunapasha misuli. Mimi nimetumwa na wasichana wa kundi la chini ya miaka 14 pamoja na wadogo zetu, na tulichokubaliana nikiseme leo ni hizi tuisheni za softiboli, yani yale mazoezi ambayo mzazi anamlipa kochi akufundishe peke yako nje ya mazoezi ya timu.

Mheshimiwa, tuisheni zinasaidia, hilo hatubishani hata kidogo. Kurusha mpira kwa chini huku mkono unazunguka duara zima na kuuachia pale karibu na nyonga sio kitu cha kuelekezwa kwa kupigiwa kelele toka upande wa pili wa uwanja, na kochi wa timu ana watoto wengi wa kuwaangalia, hawezi kukaa nusu saa na mmoja. Mimi mwenyewe nilipotoka kundi la chini ya miaka 10 mpira uliongezeka ukawa na mzunguko wa sentimita 30 na nusu badala ya 28, na umbali wa kurusha ukatoka mita 10.7 ukawa 12.2, ukisikia ni vitu vidogo lakini vidole vyangu vilikuwa haviushiki vizuri na kila mrusho ukawa unadunda kabla haujamfikia mdakaji. Kochi wa tuisheni alikaa juu ya ndoo, akaniangalia mirusho kama 10 hivi bila kusema neno, alafu akachukua chaki akachora mstari kutoka kwenye kidole changu cha mguu moja kwa moja hadi besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Akaniambia mguu wako wa kushoto unavuka mstari kwenda kulia, ndo maana nyonga inauzibia mkono njia. Wiki 3 nimekanyaga ule mstari tu. Mpira ukaacha kudunda.

Sasa shida inaanzia hapa. Mwenzetu mmoja kochi wake wa tuisheni alimfundisha akishaachia mpira mkono ulegee uende wenyewe, timu aliyokuwa anachezea wakati ule kochi wake anataka amalizie kwa kuinua kiwiko juu mpaka begani. Wote wawili wanampenda na kila mmoja anaamini anachosema ila hawajawahi kuongea hata siku moja. Siku ya mechi akasimama kwenye duara la mrushaji katikati ya uwanja, mpira uko ndani ya glavu, akaangalia benchi, akaangalia nyuma ya wavu alipokaa yule mwingine, akaangalia tena benchi, akashindwa kuanza. Akaomba kutolewa. Hakuwa amechoka mheshimiwa, alikuwa hajui amsikilize nani, na alikuwa na miaka 11.

Na kuna hili la bega, tunaomba wazazi mtusikilize. Watu wengi wanaamini kurusha kwa chini hakuumizi, kwahiyo mtoto anarusha kwenye tuisheni Jumanne, anarusha mazoezi ya timu Alhamisi, wikiendi anarusha mechi 2 au 3 kwa siku na hakuna anayehesabu. Bega linabeba mzigo mkubwa sana kwenye ule mzunguko, na sisi mifupa yetu bado inakua, ile miisho yake haijakomaa. Tukilalamika tunaambiwa mbona Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 ndani ya siku 2 kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 wakachukua dhahabu. Ni kweli na tunampenda sana Ueno, lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 26 na ilikuwa fainali za Olimpiki, sio mashindano ya watoto ya kila wikiendi.

Kwahiyo tumeanzisha daftari. Kila mrushaji analo lake, linakaa kwenye begi pamoja na glavu, kochi wa tuisheni anaandika leo tumerusha mingapi na tunarekebisha kitu gani, kochi wa timu naye anaandika, na sisi tunaandika panapouma. Tunakuomba mheshimiwa utusaidie kuwaambia makochi wote waliofika leo walikubali hili daftari, maana sisi tukiwaambia inaonekana utovu wa nidhamu.

Jambo jingine, tuisheni zifanyike sehemu ya wazi mzazi au mtu mzima mwingine akiwepo, na kochi akiwa na ujumbe autume kwa mzazi, sio kwenye simu ya mtoto. Makochi wetu wa sasa wanafanya hivyo na tunawashukuru, tunataka iwe sheria ya klabu ili hata akija mwingine aikute.

Mwisho ni wale wasioweza kulipa. Wapo hapa hapa, wana mikono mizuri kuliko yangu, na kila msimu tunawaacha nyuma kwasababu ya ile nusu saa ya wiki. Tunaomba klabu ikubali tuisheni ya watoto 3 kwa kochi mmoja, mmoja anarusha, mmoja anadaka, mmoja anapiga, wanabadilishana, na gharama wanagawana. Kwa hilo tunahitaji wavu mmoja wa kupigia, helmeti zenye kinga ya uso na mipira ya saizi zote mbili, na hapo ndipo tunapokutazama wewe mheshimiwa.

Baada ya risala hii wadogo zetu wataonyesha mirusho. Tumekuwekea kiti nyuma ya wavu, sio jukwaani, ukikaa pale utaona mguu unapokanyaga. Mstari wa chaki tumeshauchora.

Naomba kuwasilisha.