Barua kwa Rafiki Yangu wa Kisauni, Mombasa: Wavulana Wanalala Wapi?

Huruma, Nairobi
12 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumamosi jioni, imekunjwa vizuri ndani ya kile kifurushi cha achari ya maembe, na nimeisoma mara tatu. Namshukuru Mungu kwamba wewe na watoto mko salama. Salamu zako nimezifikisha kwa wote waliobaki katika ile ploti yetu ya zamani, na mama wa chumba cha mwisho, yule aliyekuwa akitukopesha mandazi, alilia aliposikia yaliyowapata.

Umenieleza jinsi vijana wenye mapanga walivyoingia mtaani kwenu baada ya swala ya Isha wakawajeruhi watu waliokuwa wakitoka dukani, na kwamba wazee pamoja na kina mama wameamua kuunda kundi la ulinzi. Umeniuliza kundi hilo liwe na watu wangapi, lizunguke saa ngapi, na lielewane vipi na kituo cha polisi. Maswali hayo nitayajibu, ila naomba univumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu sisi tulianza hapo hapo unapotaka kuanza wewe, na tukapoteza karibu miaka mitatu.

Mpango wa Nyumba Kumi ulipotangazwa nchini mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, tuliambiwa kwamba wenzetu wa Tanzania wamekuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu enzi za chama cha TANU, na kwamba jirani akimjua jirani yake mhalifu hatapata pa kujificha. Wazo hilo nililipenda na bado nalipenda. Lakini wewe umeishi Huruma na unajua kwamba hapa nyumba kumi haimaanishi milango kumi iliyotazamana uani. Ghorofa moja ina ngazi moja yenye giza, na katika ngazi hiyo hupanda na kushuka familia nyingi kuliko kijiji kizima cha kwetu, nyingine zikiwa zimehamia mwezi huu na zitahama mwezi ujao. Mtu asiyejua kama atakuwepo hapa Desemba hana sababu ya kujifunza jina la jirani yake Machi. Tulichagua viongozi, tukawapeleka majina yao kwa chifu, na baada ya wiki chache watu walikuwa wakinong'ona kwamba hao ni vibaraka wa polisi.

Wakati huo huo kulikuwa na makundi mengine mawili ambayo hayakuwa na habari na lile la ulinzi. Chama chetu cha akiba, ambacho ulikisaidia kuanza, kilikuwa kikikutana kila Jumapili kuzungumzia kodi na ndoto ya kununua kiwanja. Vijana nao walikuwa na kundi lao la kuzoa taka, lenye mikokoteni miwili na besi, yaani mahali pao pa kukutania, pale karibu na kinyozi. Walinzi waliwatazama vijana kama washukiwa, vijana wakawatazama walinzi kama adui, na sisi kina mama wa akiba tukadhani kwamba mambo ya usiku hayatuhusu.

Kwangu mimi mabadiliko yalianza tarehe 29 Aprili 2016, usiku ule wa mvua ambao jengo la ghorofa liliporomoka hapa Huruma kando ya mto na karibu watu 50 wakapoteza maisha. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi pwani. Kwa siku kadhaa tulisimama pale pamoja na jamaa waliokuwa wakiita majina ya ndugu zao, na ndipo nilipotambua kwamba hata katika ploti yangu mwenyewe, niliyoishi miaka 11, nisingeweza kumwambia mwokoaji nani alilala chumba gani. Kwenye daftari la akiba nilikuwa na shilingi za watu hadi sumuni ya mwisho, lakini watu wenyewe sikuwa nao.

Mwaka uliofuata, walinzi wetu walimkamata mvulana wa miaka 16 akiwa na simu isiyo yake. Umati ulikusanyika upesi, nawe unajua umati wa namna hiyo huishia wapi. Tairi lilikuwa limekwisha kuletwa. Mama yake, ambaye ni mweka hazina wetu, alipita katikati ya watu akasimama juu ya mwanawe. Hakukana kwamba ameiba. Alisema tu kwamba mtoto huyo hajalala nyumbani tangu alipobalehe, kwa sababu chumba ni kimoja cha futi 10 kwa 10 na ndani yake mna dada zake watatu, kisha akauliza ni nani kati yetu anayejua mtoto huyo hulala wapi. Hakuna aliyejibu. Simu ilirudishwa kwa mwenyewe, mvulana akapelekwa kwa chifu pamoja na mama yake, na watu wakatawanyika wakiwa kimya.

Nimeandika habari hii kwa urefu kwa sababu jibu langu lote kwako limo ndani yake. Katika vyumba vyetu, mtoto wa kiume akianza kuota ndevu anapewa blanketi na kuambiwa atafute pa kulala kwa rafiki. Hatufanyi hivyo kwa ukatili, tunafanya kwa heshima ya mabinti zetu na ya sisi wenyewe, lakini tunamkabidhi mtoto kwa yeyote mwenye chumba, na mwenye chumba cha bure kwa wavulana wa miaka 14 mara nyingi ana kazi anayotaka wamfanyie. Magenge tunayoyakimbiza kwa filimbi yanakusanyika jioni kwa sababu yana mahali pa kulala. Kwa hiyo suala la usalama, suala la nyumba na suala la vijana halikuwa masuala matatu, na makundi matatu yaliyokaa mbalimbali yasingeweza kulitatua.

Jumapili iliyofuata makundi yote yalikaa pamoja kwa mara ya kwanza, katika ukumbi tulioazimwa na kanisa. Tulianza kwa kuhesabu. Hatukuenda na karatasi za polisi. Walioenda mlango kwa mlango walikuwa wawili wawili, mama mmoja wa akiba na kijana mmoja wa taka, na waliuliza ni nani anaishi humu, chumba kinavuja wapi, na kama kuna mtoto anayelala kwingine. Katika ploti nne tu tulizoanza nazo tulipata wavulana zaidi ya ishirini wanaolala nje ya nyumba zao. Chama kikakopesha, kundi la taka likaahidi kulipa kutokana na ada ya kila wiki, na tukakodi vyumba viwili kwa ajili yao, chini ya uangalizi wa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ulinzi na ambaye wavulana humsikiliza. Mlango hufungwa saa nne za usiku. Mwaka wa kwanza kulikuwa na ugomvi mwingi, godoro moja liliibwa, na wazazi wengine walisema tunawalea watoto wavivu, lakini vyumba hivyo vipo hadi leo na sasa ni vitatu.

Kuhesabu kwa namna hii hatukukubuni sisi. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996 watu wa mitaa ya mabanda walipoungana kupinga kubomolewa, umekuwa ukiwafundisha wakazi kujihesabu wenyewe kwa miaka mingi. Bila shaka unaikumbuka Kambi Moto hapa hapa Huruma, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenye vibanda na wapangaji wao walikubaliana kwamba kila familia ipate kiwanja kimoja kilicho sawa na cha mwenzake, kisichofika hata mita tano kwa tano, kisha wakajenga kwenda juu kwa akiba zao na kwa mikono yao. Hebu fikiria ugumu wa makubaliano hayo kwa mtu aliyekuwa akipokea kodi ya vibanda sita! Mimi huwatembelea mara kwa mara, na ninachokiona pale ni kwamba mama akisikia kelele usiku hufungua mlango, kwa sababu mlango ni wake na uchochoro anauhesabu kuwa wake pia.

Kuhusu vijana, naomba msiwaite kwenye mkutano ili wahubiriwe. Wapeni kazi inayoonekana na sauti katika matumizi ya fedha. Jirani zetu wa Mathare wana chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa na si kwa kushinda mechi peke yake. Sisi tuliiga kwa kiasi kidogo: timu ya mpira ya wavulana wetu haipewi nauli ya mechi mpaka mitaro iwe imezibuliwa. Kule Korogocho nako kuna kundi la Komb Green, ambalo miongoni mwa vijana wake wamo waliokuwa wahalifu, na wameligeuza jalala la ukingo wa Mto Nairobi kuwa bustani wanamocheza watoto. Niliwapeleka wavulana wetu huko, na walichouliza zaidi ni jinsi vijana wale walivyoaminiwa mara ya kwanza.

Kosa letu kubwa, ambalo sitaki mlirudie, ni kwamba tulipopanga mambo ya vijana tuliwafikiria wavulana tu. Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya msichana mmoja wa kidato cha tatu kusimama na kusema kwamba yeye hulala nyumbani, ndiyo, lakini kuanzia saa mbili usiku hanywi maji kwa sababu choo kiko mwisho wa uchochoro usio na taa. Ile mulika mwizi, taa ya mlingoti mrefu iliyosimamishwa karibu na barabara, huangaza mabati ya juu na kuacha vichochoro gizani. Tulipomaliza kuona haya, tulienda kwa wenye ploti mmoja mmoja tukiwa na daftari, na ilitugharimu miezi mitano ya kuomba na kubishana hadi kila choo kikapata taa. Tangu hapo wasichana wawili wamo kamatini, na zamu za ulinzi hupangwa kwanza kuzunguka vyoo, halafu ngazi, halafu barabara.

Sasa nijibu ulichouliza. Walinzi wetu ni 12, hutembea wanne wanne, mmoja katika kila kundi akiwa kijana wa taka, na wana filimbi na tochi bila rungu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inatambua kamati za polisi na jamii, kwa hiyo andikisheni kundi lenu rasmi na mkutane na mkuu wa kituo mchana, mbele ya chifu, kabla hamjahitaji kukutana naye usiku. Majina ya daftari la kuhesabu msiyapeleke kituoni. Daftari hilo limejazwa kwa imani, na siku moja tu likitumika kumkamata mtu, hakuna atakayewafungulia mlango tena. Anayekamatwa asipigwe hata kofi. Katika kanuni zetu mlinzi anayempiga mtu huondolewa usiku huo huo. Vijana wetu huogopa panga la genge na pia risasi, na sisi hatuna haki ya kuwaongezea hofu ya tatu.

Sitakuficha kwamba kazi hii inaweza kuvunjika kwa siku moja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita Mathare na nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni zikabomolewa, tulipoteza walinzi watano na akina mama wengi wa akiba, si kwa kifo bali kwa kutawanyika. Mmoja yuko Kayole, mwingine Ruai, wengine sijui waliko. Katika vichochoro walivyokuwa wakivilinda, wizi ulirudi baada ya wiki mbili. Katiba yetu, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makazi yanayofaa, na mimi sasa huisoma haki hiyo kama suala la ulinzi, kwa kuwa mtandao wa majirani huchukua miaka kufumwa na hauwezi kuhamishwa kwa lori.

Ndiyo maana nina wasiwasi kuhusu Kisauni. Kwenu watu wengi wana nyumba bila ardhi. Ukuta ni wa mwenye nyumba, udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine, na baba anaweza kujenga miaka ishirini akiwa na hofu ya barua moja. Sidhani kundi la ulinzi peke yake litadumu katika hali hiyo. Watafuteni wale wanaoshughulikia mgogoro wa ardhi mtaani kwenu, watafuteni walimu wa madrasa na makocha wa mpira, mkae nao katika baraza moja kabla hamjanunua filimbi hata moja. Wakija wanasiasa kuwapa vijana wenu fulana na pesa za siku moja, kama walivyotujia sisi mwaka 2022, kubalini kwamba baadhi yao watakwenda, na muwapokee wakirudi.

Nakutumia nakala ya kanuni zetu na kurasa tupu za daftari la kuhesabu, kwa mkono wa dereva yule yule aliyeniletea kifurushi chako. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, nitakuja na vijana wawili wa kamati, na wao wataeleza mambo haya kuliko mimi. Kabla ya hapo nakuomba jambo moja. Zunguka wewe na mama mwingine, katika nyumba zinazouzunguka uwanja wenu tu, mhesabu wavulana ambao jana usiku hawakulala kwao, kisha uniandikie idadi yao na mahali walipolala.

Ni mimi dadako anayekupenda,
wa ploti ya zamani